Kiti cha Nne

Jumanne, Alhamisi, Jumamosi,
kabla theluji haijazolewa barabarani,
mzee Kálmán Vörös aliingia na blanketi lake la kijani
na mfuko wa karatasi wenye soseji aliyokatazwa kula.
"Ni ya kunusa tu, Darlene. Figo hazina pua."
Miaka thelathini na moja alikata vioo vya magari hapa Toledo;
vidole vyake vilijaa makovu membamba
kama mistari ya daftari.

Siku moja aliniuliza dawa ile inatoka wapi,
ile inayozuia damu isigande ndani ya mipira.
Nikamwambia: kwenye utumbo wa nguruwe.
Alicheka mpaka mashine ikapiga kelele.
"Kila Desemba, kule kijijini kwetu Hungaria,
mama aliosha utumbo kwa siki na chumvi,
akaugeuza ndani nje kwa kijiti.
Kumbe alikuwa mfamasia!"

Kisha Februari.
Kichupa kilekile, kifuniko kilekile,
maji maangavu yasiyo na harufu.
Nilisoma jina. Nilisoma tarehe. Nilisoma kiasi.
Nilisoma kila kilichoandikwa.

Nikasukuma.

"Darlene," akasema, "nani amewasha tanuri?"
Shingo ikamwiva, ulimi ukamjaa kinywani,
presha ikashuka ngazi mbilimbili
kama mtoto aliyechelewa shule.
Tulimkandamiza kifua mpaka mbavu zikaitika.

Tukasema ni moyo. Tukasema ni sukari,
ni miaka sabini na tisa.
Mzee akifa, sababu hazikosekani;
ziko tele, kama kokoto.

Nami nikanawa mikono,
nikafungua kichupa kingine, boksi lilelile,
nikaenda kiti cha tano.

(Bi Arvella Tibbs alipona.
Kila Krismasi hunitumia kadi.
Sizifungui.)

Barua ilikuja Machi, na safu ya namba.
Nilishuka nayo kwa kidole, polepole,
na namba yetu ilikuwa pale, katikati,
imetulia kama mgeni aliyealikwa.

Wakatueleza baadaye:
maradhi yalipita mazizini, nguruwe wakaadimika,
utumbo ukapanda bei.
Mtu fulani akachukua gegedu, akalipika kwa asidi,
akalifundisha kuiga.
Maabara waliuliza unga, "Wewe ni dawa?"
na unga ukajibu, "Naam," kwa sauti ya dawa.
Kipimo hakikuwa kipofu.
Kilikuwa na swali moja tu,
na mwongo alikwisha kulikariri jibu.

Rahisi ni ghali, wanasema.
Hawasemi ni nani anayelipa.

Watu wangependa nimchukie mtu mmoja.
Nimejaribu. Usiku namtafuta uso,
na kila mara anayenijia ni mwanamke
katika karakana ya mbali nisiyoijua jina,
mikono mekundu kwa maji ya baridi,
analipwa kwa ndoo,
anageuza utumbo ndani nje kwa kijiti.
Ndoo yake ni safi.
Baada ya ndoo kuna pipa, baada ya pipa dalali,
baada ya dalali karatasi,
muhuri juu ya muhuri juu ya muhuri,
meli, ghala, bohari, kabati letu,
na mwisho kabisa wa mnyororo
kidole gumba changu.

Binti yake, Piroska, alikuja kuchukua blanketi.
Aliniuliza baba alisema nini mwishoni.
Nilimwambia alimtaja mama yake.
Si uongo mtupu; alimtaja,
ila si siku ile.

Alipoondoka nikauona mfuko chini ya kiti,
umelowa mafuta pembeni.
Sikujua niutupe pipa gani,
la taka za jikoni au lile jekundu la hospitali.
Nikaufungua. Kitunguu saumu, moshi, pilipili tamu.
Nikasimama pale nikinusa,
chakula cha kweli, chenye harufu yake chenyewe,
mpaka mgonjwa wa zamu ya mchana
akauliza kama kiti kiko wazi.